Alipopata cha Kupenda, Akapata cha Kuogopa

Kijana ametoka kukesha. Yeye na wenzake wametazama mpira usiku kucha kwenye baa moja ya Shibuya, jijini Tokyo. Timu imeshinda, watu wasiojuana wamekumbatiana, bilauri zimegongana. Sasa kunapambazuka. Mitaa ambayo mchana haina pa kukanyaga imebaki mitupu, na kila kitu, kuanzia lami hadi vioo vya maghorofa, kimeoga rangi ya buluu. Yatora Yaguchi angepaswa kuwa na furaha, ila kuna kitu kimemkwama rohoni. Waliokimbia uwanjani ni wengine. Waliotoka jasho ni wengine. Yeye amelewa kwa ushindi wa watu.

Hapo ndipo inapoanzia Blue Period, manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Tsubasa Yamaguchi iliyoanza kutoka mwaka 2017 katika jarida la Monthly Afternoon la kampuni ya Kodansha. Mwaka 2020 ilitwaa tuzo mbili kubwa kwa mpigo: Manga Taisho, ambayo wapigaji kura wake wengi ni wauzaji wa vitabu, na Tuzo ya Manga ya Kodansha. Mwaka 2021 ikawa anime, yaani katuni ya Kijapani, ya vipindi 12, kazi ya studio ya Seven Arcs, ikatufikia kupitia Netflix. Mwaka 2024 ikafuata filamu ya waigizaji halisi. Wapenzi wa hadithi hii ninaozungumza nao kwa Kiswahili karibu wote waliingilia mlango wa anime, na karibu wote huniambia jambo lile lile: ni habari ya mwanafunzi aliyegundua kipaji chake.

Naomba kupinga. Nimeisoma tena na tena, na kila nikirudia naona kipaji kikipungua na hofu ikiongezeka. Yamaguchi anatusimulia kijana ambaye, kabla ya kupenda kitu, hakuwa na cha kupoteza. Siku aliyopenda ndiyo siku aliyoanza kupigika. Nalisema hili kwa moyo mzito kidogo, kwa sababu naamini tunawadanganya vijana tunapowahimiza wafuate wanachokipenda kana kwamba tunawaelekeza kivulini. Yatora alikuwa kivulini tayari. Sanaa ndiyo iliyomtoa juani.

Mtazame kabla ya picha. Yuko mwaka wa pili wa sekondari ya juu. Nywele amezitia rangi ya dhahabu, anavuta sigara, anakesha na masela wake, na bado matokeo yake darasani yanang'aa. Walimu wanamvumilia, wenzake wanampenda. Siri yake ni kwamba anawasoma watu kama anavyosoma maswali ya mtihani: anatambua jibu linalotakiwa, analitoa, anapata alama. Kufaulu kwake ni kama kuvuka hatua za mchezo wa kompyuta. Hana dhambi kubwa wala jeraha kubwa la utotoni. Ana utupu tu, na kwa kuwa utupu wake una adabu na unapata alama za juu, hakuna aliyeuona. Tumezoea hadithi za shule ambamo mtoro anaokolewa na mpira, au mnyonge anavumbua nguvu za ajabu. Huyu hakuna anayedhani anahitaji kuokolewa. Mfumo mzima wa shule unasema yuko sawa.

Siku moja anaingia chumba cha sanaa wakati hakuna mtu, anakuta picha kubwa iliyochorwa na Mori, msichana aliyemtangulia mwaka mmoja shuleni. Anasimama mbele ya picha ile asijue la kusema, na kwa kijana ambaye hakosi la kusema, hilo peke yake ni tukio. Somo la sanaa limewapa kazi ya kuchora mandhari wanayoyapenda. Anamgusia Mori ule ubuluu wa Shibuya alfajiri, huku akiona aibu hata kuutamka. Mori anamjibu kwamba ikiwa machoni pake ni buluu, basi hata tufaha laweza kuwa buluu, na mwili wa sungura vilevile.

Basi anachora. Ufundi hana, majengo yake yanayumba. Lakini wenzake wanapoitazama picha wanatambua: hii si Shibuya ya asubuhi? Na machozi yanamtoka Yatora.

Tukae hapa kidogo, maana hadithi yote imeegemea kwenye machozi haya. Hakupewa sifa. Hakuna aliyemwambia kazi ni nzuri au mkono wake ni mwepesi. Ameambiwa tu kwamba alichokiona kimeonekana. Kijana aliyekuwa na maneno kwa kila mtu anahisi kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza kuzungumza na watu kweli. Miaka yote alikuwa akijibu, leo amesema. Na mtu akishaonja kusikika namna hiyo, ile hali ya zamani ya kupendwa na watu bila kujulikana nao haimtoshi tena. Amefungwa. Wala hajui.

Hapa Yamaguchi alijitwika mzigo ambao sioni ukisifiwa vya kutosha. Manga huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Hadithi inayosimama juu ya rangi moja inasimuliwa katika kurasa ambazo rangi hiyo karibu haimo. Msomaji anaambiwa buluu, kisha anaachiwa kazi ya kuitoa mwenyewe kutoka kwenye alfajiri aliyowahi kuiona. Mimi huwa naiona ya Ubungo, enzi stendi ya mikoani ilipokuwa pale: mabasi yananguruma gizani, mama wa chai anakoleza jiko, na anga juu ya nyaya za umeme lina rangi ambayo haidumu hata nusu saa. Mwingine ataiona ya pwani, ngalawa zikirudi. Kila msomaji analeta buluu yake, kwa hiyo wakati rafiki zake Yatora wanapoitambua Shibuya, sisi tumeshaichora pamoja naye. Anime imetupa buluu tayari imepakwa, nzuri tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopoteza zaidi. Waliotazama bila kusoma nawasihi wakatafute sura ya kwanza tu, waone ninachosema.

Jina lenyewe, yaani Kipindi cha Buluu, lina tabaka mbili. La kwanza ni mchoraji Picasso: ile miaka ya 1901 hadi 1904 alipopaka maskini, vipofu na ombaomba kwa rangi ya buluu, baada ya rafiki yake Carles Casagemas kujiua mjini Paris. La pili ni la Kijapani zaidi. Ujana kwao huitwa seishun, neno linaloandikwa kwa alama mbili, moja ya buluu na nyingine ya majira ya kuchipua. Na neno aoi, linalotaja buluu, hutumika pia kwa tunda lisiloiva na kwa mtu asiyekomaa. Ni kama sisi tunavyosema embe bichi, na kijana akikosea kwa utoto tunamwambia bado mbichi. Kwa hiyo jina la manga hii limebeba majonzi na ubichi kwa pamoja, na Yatora anavipata vyote viwili.

Ubichi ndio unaoanza kumuuma. Anajiunga na klabu ya sanaa chini ya mwalimu Saeki, mama mpole mwenye maneno makali kuliko sura yake. Yeye humwambia kwamba wazo la kukiacha unachokipenda kibaki cha kujiburudisha tu ni wazo la watu wazima, na kwamba kuweka uzito mkubwa kuliko wote wa maisha yako juu ya kile unachokipenda ni jambo la kawaida. Maneno matamu. Lakini Yamaguchi haachi tuyafurahie kwa muda mrefu. Yatora, aliyezoea kuwa wa kwanza, anakaa mbele ya sanamu za plasta na penseli mkononi na kuona kwamba watoto waliomtangulia miaka michache tu wako mbali mno. Alipofeli jambo zamani hakuumia, kwa sababu hakulipenda. Sasa mstari mmoja uliokwenda kombo unamnyima usingizi.

Kisha anakutana na Yotasuke Takahashi. Huyu ni kijana mfupi, mkimya, asiyejua kuishi na watu, na anachora kama anavyopumua. Yatora anamstaajabia, Yotasuke anamchukia. Kuna mahali anamtupia neno ambalo kwangu ndilo lililo kali kuliko yote katika manga nzima: mtu aliye na kila kitu asije huku kwenye sanaa, wakati angeweza kwenda kokote kwingine na kufanikiwa. Ukilipima neno hilo utaona lina haki yake. Yotasuke hana pengine pa kwenda. Kuchora kwake ni chumba pekee alichopewa duniani, na sasa anamwona kijana mwenye marafiki, mwenye akili, mwenye ulimi, akibisha hodi kwenye chumba hicho kimoja. Yamaguchi hasemi Yotasuke amekosea, na hampi Yatora jibu la kumshinda. Anachofanya Yatora ni kuumia, kisha kuchora. Baadaye anakubali kwamba hatakuwa na kipaji cha pekee hata iweje, na anajiwekea azma ya kufanya kazi mpaka watu wasiweze kumtofautisha na aliye nacho.

Ndiyo maana nasema neno kipaji linaisaliti hadithi hii. Mori mwenyewe, yule aliyemfungulia mlango, hataki kuitwa mwenye kipaji. Anachokiri ni kwamba amekuwa akiwaza kuhusu picha muda mrefu zaidi ya wengine. Kwetu tuna maneno mengi ya kumwondolea mtu saa zake alizozitumia. Amejaliwa. Kazaliwa nayo. Mkono wake una baraka. Yanatamkwa kwa upendo na mimi mwenyewe nimeyatamka. Lakini nilikuwa mtoto wa kuchora, na najua yalinifanyia nini. Nilichora nyuma ya madaftari hadi karatasi zikaisha, na kila mtu mzima aliyepita alisema nimejaliwa, akaenda zake. Hakuna aliyewahi kuniketisha akanionyesha namna kivuli kinavyokaa chini ya kidevu. Nilipofika kidato cha pili nikajaribu kuchora mkono wa binadamu, ukatoka kama tawi, nikajaribu mara ya pili, ya tatu, ukatoka tawi. Nikahitimisha kwamba nilichojaliwa kimekwisha. Sikujua kwamba mkono hufundishwa. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, kwa kusoma manga ambayo mhusika wake anapewa somo la mpangilio wa picha, somo la rangi za mafuta, somo la namna ya kutazama, ukurasa baada ya ukurasa, na mwandishi haogopi kwamba msomaji atachoka.

Yamaguchi ana haki ya kufundisha, kwa kuwa alipita huko. Amehitimu Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, kinachoitwa kwa kifupi Geidai, ndicho hicho hicho Yatora anachokililia. Na picha nyingi zinazoonekana ndani ya manga, zile zinazodaiwa kuwa kazi za wahusika, amezichukua kwa wasanii halisi, na majina yao yanatajwa. Matokeo yake yanaonekana. Picha ya Yotasuke haifanani na ya Yatora kwa sababu kweli mikono ni miwili tofauti.

Geidai iko Ueno, kaskazini mashariki mwa Tokyo, na imebeba historia nzito. Mzizi wake ni Shule ya Sanaa ya Tokyo iliyoanzishwa mwaka 1887, wakati Japani ilipokuwa ikihangaika kuamua ichukue nini kutoka Ulaya na ibaki na nini cha kwake. Mwanzoni shule ile ilielemea sanaa za Kijapani. Idara ya uchoraji wa Kimagharibi ilikuja mwaka 1896, ikiongozwa na Kuroda Seiki aliyekuwa amesoma Ufaransa. Mwaka 1949 shule hiyo iliunganishwa na ile ya muziki na kuwa chuo kikuu. Mgawanyo ule wa karne ya 19 bado uko hai: anayetaka rangi za mafuta huomba mlango mmoja, anayetaka uchoraji wa Kijapani, nihonga, huomba mwingine. Ndiyo maana katika manga Yatora na Ryuji Ayukawa, ambaye huvaa sare ya wasichana na kupendelea kuitwa Yuka, wako shule moja na klabu moja lakini wanajiandaa kwa mitihani tofauti.

Idara ya rangi za mafuta huchukua wanafunzi 55 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi anayetoka moja kwa moja sekondari, manga inataja nafasi ya mmoja kati ya 200, kwa kuwa anashindana na watu waliorisiti mwaka mmoja, miwili, mitatu, hata zaidi. Wajapani huwaita wanaorisiti ronin, jina la samurai asiye na bwana. Nimelipenda jina hilo. Angalau lina heshima ndani yake.

Kwa nini basi asiombe chuo kingine? Jibu ni pesa, na hapa manga inanyanyuka juu ya hadithi nyingi za aina yake. Geidai ni chuo cha umma. Ada ya vyuo vya sanaa vya binafsi Japani huwa zaidi ya mara mbili ya ada yake. Nyumbani kwa kina Yaguchi hesabu hiyo haiingii. Mapenzi ya Yatora kwa sanaa yamekuja na bei, na bei hiyo inaacha mlango mmoja tu wazi, mwembamba kuliko milango yote ya nchi. Hadithi nyingi za ndoto zinamwondolea shujaa bili za nyumbani ili apate kuruka. Hii inamkabidhi bili ya ada mkononi, halafu inamwambia aruke.

Na bili hizo analipa mama. Mama yake Yatora anataka mwanawe asome kitu chenye mshahara. Swali lake analijua kila aliyewahi kusema mbele ya wazazi wa Kiafrika kwamba anataka kuchora: utakula nini? Msanii wa hadithi angetoa hotuba. Yatora hana hotuba, kwa mara ya kwanza ule ulimi wake mwepesi haumsaidii. Anamchora mama yake. Anamtazama akihangaika na shughuli za nyumbani, jikoni, kwenye vyombo, na kwa sababu anachora inambidi atazame, na kwa sababu anatazama anaona. Anaona mikono iliyokauka na kukwaruza. Anaona mwili uliozoea kubeba vitu vya nyumba hii miaka na miaka. Ameishi na mikono hiyo tangu azaliwe na hakuwahi kuiona. Anamwonyesha mchoro, anamweleza aliyoyagundua wakati anauchora, na mama anaelewa kitu ambacho hoja zisingemfikishia.

Nimewahi kusikia sehemu hii ikiitwa ya kuliza watu kwa makusudi. Sikubaliani. Ni hoja kamili, iliyojengwa kwa penseli: mtoto anamthibitishia mama kwamba sanaa ina maana kwa kumwonyesha kwamba imemfundisha kumwona yeye. Na uzito wake uko pale pale palipo na hofu. Sasa Yatora anajua kila brashi atakayonunua imetoka kwenye mikono gani. Akifeli, hatafeli peke yake.

Mwaka wa maandalizi unapita kwenye tuisheni, shule maalumu ya jioni ambako watoto wanachora, kazi zinapangwa ukutani kwa daraja, na kila mtu anaona alipo. Wajapani wanazo shule kama hizo kwa kila aina ya mtihani, na za sanaa zimekuwa ulimwengu wenye mitindo na kanuni zake. Mwalimu wa hapo, Ooba, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa, anaugusa ugonjwa wa Yatora mara moja. Kijana huyu ni mtiifu mno. Akiambiwa rekebisha anarekebisha. Akisifiwa kwa jambo, analirudia. Ooba anamtaka awe na uwezo wa kuitikia swali, ndiyo, lakini pia awe na ubinafsi, aweke alitakalo yeye. Hebu fikiria: yale yale yaliyomfanya awe mwanafunzi bora wa shule ndiyo yanayomfanya awe mchoraji mwenye picha baridi.

Mfano mzuri ni ile kazi ya kuchora mahusiano ya mtu na wengine. Yatora anaanza na nyuzi zinazofunga watu, wazo zuri, linasifiwa, na papo hapo analigeuza kuwa fomula. Anahangaika wiki kadhaa mpaka anagundua kwamba kwake mahusiano hayafanani na uzi hata kidogo. Yanafanana zaidi na chuma, ambacho kikipata moto hulainika na kubadili umbo, na kikipoa chaweza kukata. Hilo ni lake. Halikutoka kwa mwalimu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikawaza watu wangu mwenyewe, nani uzi na nani chuma.

Mtihani wenyewe nitaupita haraka, maana ndiyo sehemu ambayo kila mtu ameizungumza. Raundi ya kwanza ni kujichora kwa kioo, na kioo cha Yatora kinapasuka. Anaitumia mipasuko ile kuonyesha kwamba uso wake hubadilika kulingana na nani anautazama. Ryuji, upande wa pili, anachora alama kubwa ya X kwenye karatasi yake na kutoka nje ya chumba. Kabla ya raundi ya pili wawili hao wanakwenda baharini, usiku kwenye nyumba ya wageni, na kila mmoja anajichora akiwa mtupu, peke yake. Hakuna mahaba humo. Ni watu wawili waliochoka kuvaa sura ambazo wengine wanazitaka. Mwisho Yatora anafaulu, mara ya kwanza tu, akiwa na mwili uliochakaa.

Hapa nina lalamiko, na ni la mtu anayeipenda kazi hii. Kufaulu kule mara ya kwanza kunaipa nusu ya mwanzo ladha ya mashindano, kama anime za michezo ambamo kila mechi ina mbinu mpya na fainali ina ushindi. Yamaguchi anajua vizuri kwamba wengi hurisiti, na anawaonyesha waliobaki nje. Bado jicho la msomaji linamfuata mshindi. Mtoto wa miaka 16 anaweza kuifunga juzuu ya sita akiamini kwamba maumivu ni nauli, ukishalipa unafika.

Ndiyo sababu nawaomba waliotazama anime tu, inayoishia kwenye mtihani, waendelee na kurasa za baadaye. Yatora akiwa ndani ya Geidai ni kijana aliyepotea. Picha zilizomvusha mtihani huko ndani zinatazamwa kama picha za mtihani tu. Wahadhiri hawamwambii wanachotaka, kwa sababu hawana jibu moja wanalotaka, na mtu aliyeishi kwa kusoma majibu yanayotakiwa amenyang'anywa kila ngazi. Anajiuliza kama aliwahi kupenda kuchora au alipenda kushinda kwa kuchora. Baadhi ya wasomaji huona sehemu hii inakokota miguu. Inakokota kweli. Lakini ndiyo iliyo na ukweli zaidi, maana mtihani ulikuwa umemkopesha lengo, na sasa mkopo umekwisha. Anakwenda kusaidia kwenye darasa la kuchora la watoto wadogo, na kuwatazama watoto wale wakishika rangi kunamsumbua kuliko wahadhiri wote. Wao hawajaanza kuogopa.

Kuna ukurasa ninaourudia kuliko kurasa zote za mtihani. Ni wa nyuma kidogo, Yatora akiwa bado sekondari, ameketi kwenye mgahawa wa rameni, tambi za mchuzi, na Koigakubo, mmoja wa wale masela waliokesha naye Shibuya. Koigakubo ni kijana mkubwa wa mwili, mwenye sura ya ugomvi. Anasema amekata shauri kusomea kutengeneza keki. Alikuwa akilipenda jambo hilo siku zote na akiliogopa, akajiambia libaki la nyumbani. Halafu akamwona Yatora anavyojimaliza kwa ajili ya picha zake, bila uhakika wowote wa kufika, akaona kwamba hata yeye anaweza. Yatora hakujua kama kulikuwa na mtu anamtazama. Mabakuli yao bado yana mchuzi, na Koigakubo anaongea taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia.